Sifuri Niliyoiweka Mwenyewe

Ofisini wananiita Kikokotoo, na sijali, maana wangeweza kunipa jina baya zaidi. Kazi yangu ni jedwali moja: safu ya kwanza, serikali inatumia kiasi gani kwa kila mwanafunzi, safu ya pili, ni asilimia ngapi wanafaulu mtihani wa mwisho. Shule zote za wilaya zimo humo. Jedwali lenye mapengo silipendi hata kidogo.

Mwaka huo shule ndogo ya kwenye machimbo ya kokoto ilinipandisha hasira. Kila mtoto wao aligharimu mara mbili ya wenzake wa mjini, na ufaulu ulikuwa sifuri miaka minne mfululizo. Mkuu wa idara alitupa jicho mara moja tu.

"Hiyo ifungwe. Kikokotoo, andika pendekezo. Kikao ni Ijumaa."

Nikaliandika, tena kwa moyo mweupe.

Jumatano mwalimu mkuu wa shule hiyo, mama wa makamo, aliingia ofisini kwangu. Viatu vyake vilijaa vumbi la mawe, na kwapani alibana kaunta buku.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Nasikia mnatufunga, binti yangu."

"Takwimu ndizo zinazowafunga, si mimi."

"Haya. Na hizo sifuri zako, zina majina?"

Nikacheka kwa dharau, Mungu anisamehe. "Sifuri haina jina, Mwalimu."

"Watoto wangu wanayo." Akafungua kaunta buku mezani, juu ya karatasi zangu. Kila mstari ulikuwa na jina la mtoto, kituo alichofanyia mtihani, na matokeo. "Darasa letu la mwisho halijawahi kufikisha watahiniwa thelathini, kwa hiyo haturuhusiwi kuwa kituo. Tunawapeleka shule ya mjini, wanafanyia mtihani huko, na matokeo yao yanahesabiwa huko. Mwisho wa mwaka mnaniletea fomu. Nafasi ya ufaulu naiacha wazi, halafu pembeni nawaelezeni sababu."

Nikafungua kabati, nikatoa fomu zake za miaka minne. Nafasi ilikuwa wazi kweli, na pembeni kulikuwa na maelezo yake kwa mwandiko mdogo, safi, ambayo sikuwahi kuyasoma. Ndani ya nafasi ile, kwa wino mwekundu, kulikuwa na sifuri. Ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayetumia wino mwekundu.

Nikaagiza orodha za matokeo za shule ya mjini. Tulikaa mpaka jioni, yeye anasoma jina, mimi natafuta. Kwa miaka yote minne, watoto arobaini na sita walifanya mtihani, thelathini na wanane wakafaulu. Zaidi ya asilimia themanini! Hata shule ya mjini yenyewe haikufika hapo. Niliona aibu, na chini ya aibu nikaona furaha ambayo jedwali halijawahi kunipa.

Ijumaa niliwagawia wajumbe jedwali jipya. Mkuu wa idara akavua miwani.

"Shule ileile? Nani kafanya upuuzi huu?"

Kumsingizia karani wetu wa ofisi ilikuwa rahisi, na karani hakuwepo.

"Mimi," nikasema. "Palikuwa wazi, nikaweka sifuri. Sikuuliza."

Wakanisema mpaka masikio yakawaka moto. Lakini walipomaliza, pendekezo langu lilichanwa, na shule ya machimboni ikabaki kwenye bajeti, mgawo wake mzima.

Mwalimu mkuu alikuwa akingoja kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano. Nilipomwambia yote yaliyotokea, alifunika uso kwa kanga yake kidogo, kisha akaniomba kalamu. Nikampa ile nyekundu. Akafungua kaunta buku, akaandika taratibu mstari mmoja chini ya watoto wake, akanigeuzia nisome.

"Kikokotoo. Kituo: chumba cha mkutano. Matokeo: amefaulu, baada ya kurudia darasa."