Sweta la Kijivu

Picha zilitoka kusafishwa Mwanza zikiwa ndani ya bahasha. Maduhu alipozitazama barazani alitamani azirudishe kabla mkewe hajaziona, lakini Mariana alikuwa ameshainama begani kwake.

Picha ya kwanza ilimwonyesha Mariana vizuri, hadi kovu la kidevuni. Lakini binti yao Salome, aliyezaliwa na ualbino, alikuwa weupe mtupu uliovaa gauni. Ya pili ilikuwa kinyume. Salome alionekana hata vidoa vya jua puani, na mama yake akawa giza lililofungwa kitambaa.

"Hapa mama amepakwa masizi," Salome alisema akicheka. Akaichukua ile nyingine, akaisogeza karibu kabisa na macho. "Na hapa mimi nimefutwa."

"Usilitamke neno hilo," Mariana alisema.

Kesho asubuhi Salome alikuwa anaondoka Runzewe kwenda shule ya bweni, mkoa wa mbali ambako hawakuwa na ndugu hata mmoja. Wasingempeleka kama si simu. Mchuuzi mmoja alimpiga picha kisimani, kwa mzaha tu. Haikupita muda, Maduhu akaiona picha hiyohiyo Buseresere, kwenye simu ya mtu asiyemfahamu, aliyekuwa akiuliza mtoto huyo anakaa wapi. Tangu hapo Mariana hakutaka simu imwelekee mwanawe. "Picha ya simu ina miguu," alisema. Lakini mtoto aende bila kuacha hata sura yake nyumbani? Ndipo Maduhu akaitoa sandukuni kamera ndogo ya mkanda ya marehemu kaka yake.

Mkanda wa pili ulikuwa bado ndani ya kamera. Alikuwa ameupiga kwa namna ileile, na sasa ilibaki picha moja.

Aliyeleta bahasha ni Thobias, ambaye zamani alikuwa na studio Kahama na siku hizi anauza makava ya simu.

"Shikamoo, baba mdogo," Salome alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akamgeukia Maduhu. "Ulipima mwanga wapi?"

"Nilielekeza kwa mama, nikabonyeza. Nyingine nikaelekeza kwa mtoto."

"Ndiyo maana. Kamera haimjui mtu, bwana. Kipimo chake kinadhani dunia yote ina rangi ya majivu. Ukikionyesha cheusi, kinaingiza mwanga mno, mweupe anaungua. Ukikionyesha cheupe, kinaubana, mweusi anazama."

"Sasa nipime nini?"

"Majivu yenyewe. Tafuta kitu cha kijivu, kiweke kwenye kivuli walichokaa wao. Bonyeza nusu, usiachie kidole. Kitoe hicho cha kijivu, ndipo umalizie."

Maduhu akatazama huku na huku. Ukuta ulikuwa wa chokaa, ardhi nyekundu, kanga ya mkewe ya njano. Kijivu kilikuwa kimoja tu, juu ya tranka lililokwisha kufungwa: sweta jipya la shule. Wote waliliona.

"Siligusi," Mariana alisema. "Hilo ndilo linalomchukua."

"Mama Salome, ni kidogo tu."

"Nimesema siligusi!"

Salome alilichukua mwenyewe, akaliweka mapajani mwa mama yake. "Lishike mbele ya nyuso zetu, mama. Usipolishika nitafutwa tena."

Mariana akaliinua. Vichwa viwili vikapotea nyuma yake. Maduhu akabonyeza nusu, na taa ya kijani ikawaka. Akikiachia kidole tu, kipimo kingepotea. *Bwana,* aliomba moyoni, *wewe unawaona wote wawili. Niazime jicho lako.*

"Toa."

Sweta halikushuka. Kutoka nyuma ya sweta alisikia mtu akilia kwa kujizuia.

"Toa, mama Salome. Kidole kinachoka."

Likashuka polepole. Akamalizia kubonyeza, na kamera ikaanza kuurudisha mkanda kwa mlio mwembamba.

Picha ilirudi Salome akiwa ameshaondoka. Maduhu alimpa mkewe bila kuitazama kwanza. Mariana aliisogeza karibu na macho, kama mwanawe alivyozoea. Kovu lilikuwepo. Vidoa vya puani vilikuwepo. Macho ya Salome yalikuwa yamefinywa kidogo, kama mtu anayetaka kucheka mahali pasipofaa.

"Wabeja, Mungu wangu," alisema kwa Kisukuma chake, akishukuru.

Chini pembeni, mkono mmoja wa sweta ulikuwa umeingia kwenye picha, kwa kuwa hakuwa ameliachia. Mariana aliufunika kwa kidole gumba, akaendelea kutazama.