Nyumba Iliyouzwa Mara Mbili

Phelesia alipofika kwenye mtaa mpya nje ya mji wa Migori, alimkuta Bwana Gisiri, mwenye kujenga na kuuza nyumba zile, akimwonyesha mwanamke mwingine jiko la nyumba yake Phelesia. Nyumba hiyo alikuwa amemaliza kuilipia kwa kushona sare za shule. Kilichobaki ni hati.

"Huyu ni nani?" mgeni akauliza.

"Fundi wa mapazia," Gisiri akajibu bila kupepesa macho.

Phelesia hakupandisha sauti. "Mimi ndiye mwenye nyumba, dada. Hata hii rangi ya ukuta nilichagua mimi."

Mgeni, mwalimu wa Rongo aitwaye Jedidah, akaduwaa. Alikuwa ameshatoa malipo ya kwanza.

"Hati iko na jina langu," Gisiri akasema akielekea kwenye pikapu yake. "Nauzia yule napenda. Mkitaka korti, nendeni mkazeekee huko."

Akaondoka akitarajia wagombane. Badala yake Phelesia alimwambia Jedidah, "Mwalimu, kesho twende Homa Bay."

Migori ilikuwa imefanywa wilaya juzi tu, na kumbukumbu za ardhi zilikuwa bado Homa Bay. Huko wakili Cephas aliusoma mkataba wa Phelesia, akatabasamu.

"Sheria inakuruhusu kuweka kizuizi kwenye kiwanja hiki. Kikishaandikishwa, Gisiri hawezi kukiuza wala kukiweka rehani kabla wewe hujasikizwa."

"Na mwalimu?"

"Yeye hana haki juu ya nyumba. Atamdai Gisiri pesa zake, na hiyo kesi inaweza kuchukua muda."

Jedidah aliinamisha kichwa. Phelesia akamshika mkono. "Basi kizuizi changu hakitoki mpaka na wewe urudishiwe chako."

Haukupita muda Gisiri akakwama. Benki iliyotaka kumkopesha amalizie mtaa ilikikuta kiwanja kimefungwa na kizuizi hicho. Akaenda kwa msajili wa ardhi kuomba kizuizi kiondolewe, na wote wakaitwa.

"Mama huyu ulimuuzia nyumba?" msajili akamuuliza.

"Nilimuuzia, lakini…"

"Alikulipa?"

Gisiri akatazama dirishani. "Alilipa."

"Sasa unataka niondoe kwa sababu gani?"

Gisiri akatoka, kizuizi kikiwa palepale. Nje, kwenye ngazi, alimfuata Phelesia kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuisikia kwake. "Mama, nitakuandikia hati. Ondoa hiyo kitu."

"Mwalimu kwanza."

"Huyo si mtu wako."

"Hata mimi uliniita fundi wa mapazia," Phelesia akasema. "Mwalimu kwanza."

Jedidah alirudishiwa pesa zake zote. Kisha Gisiri akatia sahihi, na Phelesia akatoka ofisini na hati yenye jina lake, akijisikia mrefu kuliko alivyoingia.

Habari zikaenea mtaani. Jumatatu iliyofuata Phelesia hakufungua duka lake la ushonaji. Wanunuzi wengine wa Gisiri walikuwa wakimsubiri stendi, kila mmoja na mkataba wake mkononi, awapeleke Homa Bay.