Kopo Limesema

Nyumbani kwetu hakuna dikteta. Mama, ambaye ni fundi cherehani, aliupiga marufuku udikteta siku Baba alipoamka na kuipaka sebule rangi ya kijani bila kumuuliza mtu. Tangu hapo kila jambo zito huamuliwa kwa kura. Sanduku la kura ni kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliotobolewa mwanya katikati, na kura zenyewe ni vifungo vya mashati: cheupe ni ndiyo, cheusi ni hapana. Kopo hukaa jikoni. Unaingia peke yako, unafunga mlango, unatumbukiza, unatoka. Sheria ni mbili. Ya kwanza, hakuna kuulizana nani kapiga kura gani. Ya pili, kopo likishasema, hakuna kununa.

Msimamizi wa uchaguzi ni mimi. Nilipewa cheo hicho nikiwa na miaka tisa, kabla tabia yangu haijajulikana vizuri. Sasa nina kumi na sita, nasoma shule ya bweni, na wenzangu huko wananiita Mheshimiwa. Jina hilo lilinifuata likizo hadi nyumbani kama chawa.

Hoja ililetwa mezani na Dada, anayefanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Alikuwa amekata tangazo gazetini: wiki moja katika mji mkubwa wa kusini, hoteli yenye bwawa la kuogelea, nusu bei.

"Nusu bei kwa nini?" Baba aliuliza. Baba ni mwoka mikate, na katika suala la joto hadanganyiki.

"Kwa sababu ni kiangazi. Waoga hawaendi."

"Na wenye akili?"

"Nao hawaendi. Ndiyo maana kuna vyumba."

Mama alisoma tangazo akaona pale chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kwamba mwezi huo joto hufika digrii arobaini na mbili. Alilikunja akalirudisha.

Mimi nilitaka kwenda kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Bwenini kwetu, usiku wa kwanza wa muhula, kila mmoja husimama juu ya sanduku lake la bati na kuhutubia kuhusu likizo yake. Mwaka uliotangulia nilihutubia kuhusu wiki mbili za kumsaidia shangazi kuhama nyumba. Nilipigiwa makofi ya rambirambi. Basi nikafanya kampeni, na nikaanza na kura ngumu kuliko zote.

Babu, baba yake Baba, ni fundi saa. Meza yake iko pale dirishani sebuleni, na juu yake saa za watu zimelala chini ya bilauri zilizopinduliwa, vumbi lisiingie. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na bado alikuwa akiokota kwa kibano skrubu ambayo mimi siioni, anaishusha tunduni mara moja tu, bila kupapasa. Wateja walikuwa wakisimama pale kutazama mikono yake na kusahau walichofuata.

"Babu," nilimwambia, "mji ule una mnara wa saa. Saa sita kamili mchana zinatoka sanamu kumi na mbili, moja baada ya nyingine."

"Zinatoka kwenda wapi?"

"Haziendi popote. Zinazunguka kidogo juani, zinarudi ndani."

"Basi zina akili kukuzidi wewe." Alicheka huku kioo cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa jichoni. "Mjukuu wangu, wewe ungefaa kuuza majeneza. Ungemwuzia mtu mzima wa afya, na angekuuliza kama lipo lenye mfuko."

Kura ilipigwa Jumamosi asubuhi. Waliingia jikoni mmoja mmoja kwa heshima zote, nami nikawa wa mwisho, kama kanuni zisemavyo. Nilifunga mlango. Kisha nikafanya jambo ambalo kanuni hazikulisema kwa sababu hakuna aliyelifikiria: nikafunua mfuniko kabla ya kupiga kura yangu.

Vyeusi vitatu. Cheupe kimoja, bila shaka cha Dada.

Nilisimama pale nikisikiliza bomba likidondoka. Hata nikiongeza cheupe changu, tumeshindwa, watatu kwa wawili. Bakuli la vifungo lilikuwa pale pale kando ya kopo. Nikatoa vyeusi viwili, nikatia vyeupe viwili, nikaongeza na changu. Kimoja cheusi nilikiacha, kwa sababu ushindi wa asilimia mia moja unanuka.

Niliisoma hesabu mbele ya familia kwa sauti ya jaji. "Ndiyo, nne. Hapana, moja. Hoja imepita."

Dada alipiga kigelegele. Baba alitazama kikombe chake. Mama alisema, "Haya, kopo limesema." Babu alisema, "Limesema." Mambo yakaisha hapo. Ningekuwa na tamaa zaidi, nikabadilisha vyote, wote watatu wangejua palepale kwamba wameibiwa, na mimi ningechapwa, na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini kilikuwepo cheusi kimoja, na kila mmoja wao alikiangalia akakitambua kuwa ni chake.

Mji ule ulitupokea kama mlango wa oveni unapofunguliwa. Siku mbili za mwanzo tulikaa chumbani na pazia limefungwa. Maji ya bwawa yalikuwa ya uvuguvugu kama chai iliyosahauliwa. Mama alivimba miguu, akasema viatu vimepungua. Baba, ambaye mwaka mzima anasimama mbele ya moto, sasa alikuwa ameletwa likizo kwenye moto mwingine, na kila nikimtazama alikuwa anatabasamu. Mama naye alikuwa anatabasamu. Babu ndiye aliyekuwa akitabasamu kuliko wote. Sijawahi kuona watu wakijikaza kisabuni kwa umoja namna ile, na ni mimi peke yangu niliyejua wanajikaza.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye mnara.

Ni uwanja wa mawe meupe usio na mti wala kibanda. Tulifika saa sita kasorobo ili tupate nafasi nzuri, na nafasi nzuri tuliipata yote, maana hakukuwa na mtu mwingine ila mlinzi wa benki aliyekaa kivulini ng'ambo. Babu alivaa koti, kwa sababu alikuwa anakwenda kuona saa. Saa sita ilifika kwenye mkono wake. Mnarani haikufika.

"Iko nyuma hiyo!" mlinzi alipaza sauti. "Siku nyingine dakika ishirini, siku nyingine nusu saa! Ngojeni tu, itafika!"

"Tungoje?" Baba aliuliza.

"Kama wewe unataka," Mama alisema.

"Mimi ni kwa ajili ya Baba." Akamgeukia Babu. "Baba, uko sawa?"

"Niko sawa. Nyinyi je?"

"Sisi tuko sawa."

Tukangoja. Jua lilikuwa utosini, na mawe yalikuwa yanarudisha joto kutoka chini kana kwamba hayakulitaka. Dada alikwenda kutafuta maji ya kununua. Nilimtazama Babu. Uso wake ulikuwa mwekundu, na jasho lililokuwa likimchuruzika dakika chache nyuma lilikuwa limekauka. Niliona kwamba limekauka. Nilidhani ni dalili nzuri.

Nikajaribu njia ya mzaha, maana ndiyo njia pekee niliyokuwa nayo. "Ndugu wajumbe, kama kuna mtu anataka kurudi hotelini, Msimamizi hana pingamizi."

"Aa, Mheshimiwa," Babu alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito kidogo, "si wewe uliyesoma matokeo? Nne kwa moja. Huyo mmoja atavumilia."

Alicheka. Baba akatazama chini. Mama akatazama chini. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: nilibadilisha kura. Yangetosha. Tungekuwa kivulini kabla sijamaliza kuzabwa kofi. Niliyafikisha hadi kwenye meno, nikamkumbuka Dada na furaha yake, nikalikumbuka sanduku langu la bati na wenzangu wakisubiri hotuba, nikameza.

Saa ya mnara ilifika sita wakati zetu zikisema sita na dakika ishirini na tano. Mlango mdogo ukafunguka, sanamu zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, zimepauka rangi. Ya saba ilipotoka Babu alisema kwa hasira, "Nani ameacha mlango wazi? Vumbi litaingia kwenye mashine." Akaenda mbele hatua mbili, kama mtu anayetaka kuufunga, akaanguka.

Saa yake iligonga jiwe kabla yake. Baba alimpapasa shingoni na kifuani, akaniangalia kwa macho ambayo sikuyajua. "Ana joto la mkate," alisema. Kisha akambeba mgongoni kama mtoto na kukimbia naye kuelekea kwenye kivuli cha benki, na sanamu zilikuwa bado zinazunguka.

Hospitalini walimfunika kwa shuka zilizoloweshwa, wakamwekea barafu makwapani, wakamwelekezea feni mbili. Siku ya nne ya kulazwa alifumbua macho akamwomba Mama msamaha kwa usumbufu. Tulifurahi mno, hatukusikia jinsi alivyosema. Daktari ndiye aliyetuketisha. Joto lilikuwa limepanda mno na kwa muda mrefu mno, alisema, likaunguza sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoongoza miguu, ulimi na mikono.

"Itapona?" Baba aliuliza.

"Miguu, labda kidogo. Mzee anafanya kazi gani?"



Nyumbani Babu alijaribu mara moja tu. Alikaa kwenye meza yake asubuhi, akabana kioo jichoni, akachukua kibano. Mkono ukiwa umetulia pajani haukuwa na neno. Ukiufikisha karibu na saa, unaanza kuruka, na kadiri unavyokaribia ndivyo unavyoruka zaidi. Aliangusha skrubu tatu. Ya nne ilirukia kusikojulikana. Akairudishia saa bilauri yake, akakaa akiangalia nje mpaka tulipomwita kula.

Jumapili moja baada ya chakula cha mchana Baba aliliweka jambo mezani. Saa za watu zilikuwa kumi, na wenyewe walikuwa wameanza kuuliza. Je, zirudishwe, vifaa viuzwe, meza iondolewe? Au tungoje?

"Usituulize sisi," Mama alisema, akimwelekea Babu. "Baba mwenyewe aseme."

Babu alitikisa kichwa. "Ko-po," alisema.

Niliinuka kulifuata. Nilipolileta, Mama alikuwa analia, analifuta jicho kwa upindo wa kitambaa cha meza.

"Mimi siwezi tena kupiga kura kwenye kitu hiki," alisema. "Nisameheni, nitavunja sheria. Kile cheusi kilikuwa changu. Nilijua ni joto la kuua mtu, nikasema moyoni, wote wanataka, mimi nani niwaharibie? Laiti ningefungua mdomo siku ile uwanjani!"

Baba alimgeukia polepole. "Chako?"

"Changu."

"Mama watoto, cheusi kilikuwa changu mimi."

Hapo Babu akainua mkono wake unaoruka, akajigusa kifuani. "Cha-ngu."

Dada alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza, niliviona. Kisha wote wanne wakanitazama mimi, Msimamizi.

"Vilikuwa vitatu," nilisema. "Nilitoa viwili."

"Kwa nini ulibakiza kimoja?" Mama aliuliza. Katika yote ya kuuliza, aliuliza hilo.

"Ili muamini."

Nilingoja kofi. Baba hakunipiga. Alisimama, akaenda jikoni, tukasikia akikaza lile bomba linalodondoka, akilikaza na kulikaza. Aliporudi alisema bila kuniangalia, "Toka hapa mezani."

"A-kae," Babu alisema. "A-one."

Akavuta bakuli la vifungo, akafumbata kimoja. Jikoni asingeweza kwenda peke yake, kwa hiyo alipiga kura pale pale, mbele yetu. Mkono ulipoukaribia mfuniko ukaanza kuruka. Kifungo kiligonga plastiki upande huu wa mwanya, kikagonga upande ule, kikagonga, kikagonga. Mtu yule alikuwa akishusha skrubu tunduni mara moja. Nilinyoosha mkono nimshikie kopo.

"U-siguse."

Nikaurudisha. Hakuna aliyesaidia na hakuna aliyetazama pembeni. Ilichukua muda ambao sikuupima, na hatimaye kikaingia, kikalia ndani ya kopo tupu. Tulikuwa tumekiona sote. Kilikuwa cheupe: zirudishwe. Wengine hawakupiga kura.

Saa zote kumi nilizirudisha mimi, na Mama aliniagiza kwamba kwenye kila mlango niseme sababu, yote, bila kuipamba. Nilisema. Wa kwanza alidhani ninatania.

Saa ya Babu mwenyewe, ile iliyogonga jiwe, kioo chake kimepasuka lakini inatembea. Ni ya kukazwa kwa mkono kila asubuhi, kwa kile kigurudumu kidogo cha pembeni, na vidole vyake havikishiki. Siku ya pili baada ya kura alikuja mlangoni kwangu akiegemea ukuta, akanyoosha mkono. Niliushika kwanza kwa mkono wa kushoto hadi ukatulia, nikakaza kwa wa kulia. Alipoona imetosha akauchukua mkono wake, akaondoka. Ndivyo tunavyofanya kila asubuhi. Hatuongei.

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nani atakuwa akiikaza saa ya Babu, hilo halijajadiliwa, na kopo halipo tena jikoni.