Madungu Mawili Msituni kwa Delmar

Kila Jumamosi asubuhi mimi huchemsha kahawa, baba hukaanga mayai, na hakuna anayesema neno mpaka kikombe cha pili. Jumamosi ile ya Oktoba ndiyo kwanza nilikuwa namimina cha kwanza, dirisha la jikoni likagongwa. Alikuwa Delmar Skogen, jirani wa ng'ambo ya bonde. Hakuwahi kukanyaga kwetu tangu nimalize chuo.

"Arlen," alimwambia baba, hata kofia hajavua, "nasikia shamba mlimokuwa mnawinda limeuzwa. Njooni mwinde kwangu."

Baba akazima jiko. "Kwa sharti gani?"

"Sharti la nini?" Akanigeukia. "Binti, masikio yako mazima? Unasikia vizuri?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikiulizwa swali la ghafla, sauti hunikimbia.

Alipoondoka, baba alisimama akilitazama gari lake mpaka likapotea kwenye kona. "Hapa Wisconsin mtu hagawi msitu wake wiki tano kabla ya msimu wa kuwinda. Huyu ana lake jambo."

Lakini hatukuwa na pengine. Nyonga ya baba ilikuwa ipasuliwe Januari, na daktari hakutuficha kwamba huu ungeweza kuwa msimu wake wa mwisho. Mchana tukaenda kuukagua msitu wa Delmar.

Tuliingia upepo ukitupiga usoni, baba na fimbo yake, mimi na daftari la ramani. Msitu ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mialoni ilikuwa imemwaga matunda. Mierezi michanga ilikuwa imechubuliwa na pembe za kulungu mpaka utomvu ukachuruzika, na kwenye matope ya kijito kulikuwa na alama za kwato karibu upana wa kiganja changu. Kila nilichoandika kilimfanya baba anune zaidi.

"Pazuri namna hii, halafu anatupa bure?"

Kisha tukayaona madungu, majukwaa ya kuvizia kulungu kutoka juu ya mti. Mawili, mapya, mbao bado zinanukia, kila moja limepandishwa kwenye mwaloni wake. Nilihesabu hatua kutoka moja hadi jingine: arobaini.

Baba akacheka bila furaha. "Umeona? Hatua arobaini! Hata mlevi hajengi madungu yakabanana hivi. Kulungu akimnusa mmoja, wote wawili wamemkosa."

"Labda hajui, baba."

"Delmar? Amewinda miaka hamsini huyo! Anataka sisi tuwe vinyago vya kutishia wanyama, wakimbilie kwenye dungu lake la kweli huko juu. Twende nyumbani."

"Tayari mnaondoka?"

Delmar alikuwa nyuma yetu, amejiegemeza kwenye mti. Sijui alikuwa ametufuata tangu wapi.

"Unatuchunga?" baba akauliza.

"Msitu wangu, nitembee nikitaka."

"Basi niambie dungu lako liko wapi."

"Hilo hapo. Lenu ndilo hilo jingine."

"Usinifanye mtoto, Delmar! Tukae hatua arobaini, tuharibiane msimu wote? Wewe unataka nini kwetu?"

"Nataka muwinde. Hutaki, acha. Mtu mkaidi kama nyumbu!"

"Heri nyumbu kuliko kuwa kinyago chako."

Baba alikuwa ameshageuka, fimbo inazama kwenye majani. Nilijua akivuka kile kijito hatarudi, na Novemba itamkuta dirishani akihesabu magari ya wawindaji wengine.

"Mzee Delmar," nikasema, sauti ikitetemeka, "asubuhi kwa nini uliniuliza kuhusu masikio yangu?"

Alivua kofia. Akaikunjakunja, akaivaa tena.

"Mwaka jana nilianguka kutoka kwenye dungu," alisema. "Siku ya kwanza ya msimu. Mguu ulivunjika, simu haikushika mtandao. Niliita tangu asubuhi mpaka jua linazama, mpaka dereva wa gari la maziwa alipoona gari langu barabarani. Zamani kaka yangu Royce alikuwa anawinda nami, anakaa dungu la jirani. Angekuwapo, ningeita mara moja tu." Akaonyesha dungu letu kwa kidole. "Hatua arobaini ndipo sauti yangu inapofika hata kukiwa na upepo. Nilipima."

Baba alikuwa amesimama, mgongo umetugeukia.

"Ungesema tu, Delmar."

"Haya, nasema. Sitaki kulungu wako, Arlen. Naogopa kukaa huku peke yangu."