Mkongojo Uliorefuka

Mama mshonaji alipouchukua mkongojo baada ya usingizi wa mchana, bega lake la kulia lilipanda juu, mwili ukayumba, akawahi kushika ukingo wa cherehani. Alikaa chini akaukagua. Ulikuwa wa bomba jepesi, wa aina ile unayobonyeza kifungo na kuuvuta mpaka kinaponasa kwenye tundu jingine. Mtu alikuwa ameurefusha.

Mtaalamu wa mazoezi pale zahanati ndiye aliyempimia, mama akiwa amesimama wima na mikono imelegea, mpini ukakomea kwenye kifundo cha mkono. Alimwambia aushike kwa mkono wa kulia kwa sababu mguu unaomsaliti ni wa kushoto, na kwamba ukizidi urefu utamwangusha badala ya kumshika. Mama aliurudisha kwenye tundu lake. Siku chache baadaye akaukuta umerefuka tena.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Mwanawe, fundi rangi, aliondoka asubuhi na ndoo yake na kurudi jioni. Mkewe aliuza dawa kwenye duka la barabara ya pili, na kila mchana alikuja kumpashia mama chakula, akamwekea vidonge vya presha kwenye kisahani, kisha akarudi kazini. Kwa hiyo wa kushukiwa alikuwa mmoja tu.

Tena mama alikumbuka kwamba mkwewe aliwahi kusema chumba cha mbele, chenye cherehani na meza ya kukatia, kingefaa sana kwa duka la dawa. Siku ile walicheka wote. Sasa maneno yale hayakuwa na mzaha hata chembe. Mtu akianguka akavunjika nyonga, nani atamwachia chumba cha mbele?

Akaanza kujichunga. Chai ya mkwewe aliimwaga kwenye sinki. Vidonge alivigeuzageuza kwenye mwanga kabla ya kuvimeza. Mkwe akamuuliza kama chai ilikuwa imeharibika; akajibu ni tumbo tu. Siku moja aliupaka mpini chaki ya kukatia nguo, kisha jioni akaomba amtazame mkwewe mikono, ati alisikia ana ukurutu. Mikono ilikuwa misafi. Ya mwanawe hakuitazama, maana ile haikosi rangi.

Ndipo akaamua kujilaza macho wazi. Aliuegemeza mkongojo karibu na mlango kama kawaida, akajifunika shuka mpaka kidevuni, mlango ukiwa umerudishiwa tu. Akamsikia mkwewe akisuuza sahani, akafunga geti, akaenda zake. Kimya. Kisha geti likafunguliwa tena, taratibu, kama la nyumba ya watu wengine. Nyayo zikaja zikiburuzika. Mkono ukapenya mlangoni ukauchukua mkongojo, na mkono ule ulikuwa na madoa ya rangi nyeupe kwenye kucha.

Mama aliinuka. Kwa kushika ukuta, kisha kiti, kisha friji, alifika kwenye dirisha la jikoni. Uani, mwanawe alibonyeza kifungo, akavuta, akaanza kutembea kufuata ukuta. Alitanua miguu kama anayekanyaga godoro, macho chini, akitafuta ardhi kabla ya kuikanyaga. Kwenye kona alitaka kugeuka, akapepesuka, akaubana ukuta kwa kiganja.

Ule mwendo mama aliujua. Ulikuwa wake mwenyewe, kabla hajaanguka mara ya kwanza.

"Umeanza lini?" aliuliza kupitia dirishani.

Mwanawe hakugeuka upesi, asingeweza. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akaeleza akitazama viatu vyake. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi pale kazini, na msimamizi akamwambia arudi pombe ikimtoka. Hakurudi. Kila asubuhi alibeba ndoo akaketi nyuma ya karakana ya rafiki yake mpaka amwone mkewe akirudi dukani, ndipo alipokuja kujifunza kutembea na mkongojo ule, na mara nyingine alisahau kuufupisha tena.

"Mkeo anajua?"

"Anadhani nakunywa. Nikilala ananinusa mdomo."

Mama alitaka kumwambia yeye alikuwa akimdhania nani, na kwa lipi. Alisema tu, "Mwambie leo. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Mwanawe alimwambia mkewe jioni ile, amesimama. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, kisha akamtaka atoke mlangoni hadi mezani asishike kitu. Hakufika. Mkewe ndiye aliyemdaka, na wakakaa sakafuni wote wawili.

"Niliuliza kila baa mtaani," alisema mkewe. "Wote walisema hawajakuona, nikadhani umewahonga."

Hospitali walimkuta na ugonjwa wa mishipa ya fahamu ya miguuni, na daktari akamwomba mama naye avue viatu. Ulikuwa uleule. Wakaambiwa hautaisha, ila dawa na mazoezi vitaupunguzia kasi.

Fundi rangi alipata mkongojo wake, akarudi kwa msimamizi na cheti cha daktari. Msimamizi alikisoma mara mbili, akauliza aliyekisaini anapatikana wapi, kisha akampa kazi ya chini, isiyo ya kupanda ngazi: kuchanganya rangi. Asubuhi ya kwanza wenzake waliokuwa juu ya jukwaa walinong'ona kwamba mkongojo ule ni wa kutafutia fidia, na mmoja akaangusha brashi makusudi aone kama atairukia. Aliwasikia wote. Aliuhamishia mkongojo mkono wa pili, akapanga miguu vizuri, akainama polepole akaiokota.