Usia wa Mama Kwenye Simu ya Fabiani

Tangu kampuni ya kununua mahindi impandishe cheo Fabiani na kumwekea barua pepe za ofisi kwenye simu yake, simu ile ilianza kumfuata hadi bafuni. Sabuni ilisahaulika, taulo lilisahaulika, simu kamwe. Mkewe Otilia aliyaona yote haya akiwa jikoni, na roho yake haikutulia.

Ilikuwa simu ya nyumba nzima, iliyonunuliwa kwa fedha za ulezi aliouvuna Otilia mwenyewe. Zamani ilikaa mezani na aliyekuwa karibu ndiye aliyepokea. Sasa ilidai namba ya siri.

"Ni kanuni za kazi," alisema Fabiani. "Simu yenye barua za ofisi haishikwi na mtu mwingine. Hata mke."

"Barua za magunia ya mahindi ndizo za kunificha mimi?"

"Mama Basil, tafadhali. Nimesaini."

Amesaini! Otilia hakuwa mtoto. Pale ofisini mjini alikuwa ameletwa mhasibu mpya, Jenifa, mwenye kucha nyekundu. Nani anafunga simu kwa ajili ya mahindi?

Kilichomuuma zaidi ni sauti ya mama yake, iliyokuwa humo. Mama alipokuwa hoi kitandani kule Mwazye, Otilia alimrekodi akitoa usia: nyumba na shamba abaki navyo Agnesi, mdogo wao aliyemuuguza. Siku ya kumaliza matanga ukoo ungekaa uisikilize sauti hiyo, maana kaka yao Leonardi alikwishaanza kulipima shamba kwa macho. Kila Jumapili Otilia alikuwa akimsikiliza mama. Sasa ilimbidi aombe afunguliwe, kama anayeomba chumvi kwa jirani.

Asubuhi moja umeme ulirudi ghafla. Fabiani akaichomeka simu mbiombio, akabeba debe la mahindi kwenda mashineni. Kwa mara ya kwanza simu ilibaki na Otilia.

Alijaribu siku ya kuzaliwa ya Fabiani. Simu ikatikisika, ikagoma. Akajaribu siku ya ndoa yao, ikagoma. Akajaribu siku ya kuzaliwa Basil, kisha yake mwenyewe, nayo ikagoma, na hapo ndipo alipochomwa moyo hasa. Kioo kikaandika Kiingereza. Kiingereza cha nini! Akaendelea kubonyeza namba zozote kama anayemfinya Jenifa masikio, hadi simu ikazima, ikawaka, ikamwomba achague lugha, kana kwamba ndiyo kwanza imetoka dukani.

Fabiani aliporudi na unga na kuiona, alikaa chini palepale mlangoni.

"Ukikosea mara nyingi inajifuta yote. Ndivyo walivyoitega ofisini."

"Na namba?"

"Waliichagua wao. Haina maana yoyote."

"Ulijua inajifuta, na mama yangu yumo, ukanyamaza?"

"Ningekwambia ungekataa wasiiguse. Cheo kingekwenda kwa mwingine."

Otilia alilia kwa hasira. Alimkasirikia mumewe, kisha akajikasirikia mwenyewe zaidi.

Siku ya matanga, Mwazye, wazee walipokwisha kula, baba mdogo Adolfu alisema, "Haya mwanangu, tumsikie marehemu."

Otilia alisimama. "Baba, sauti imefutika. Lakini nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema nyumba na shamba ni vya Agnesi."

Leonardi akacheka kidogo. "Imefutika. Nani kaifuta?"

"Mimi."

"Basi aliyeifuta ndiye atuambie ilisema nini!"

Watu wakanong'ona. Otilia alimgeukia Fabiani, ambaye naye alikuwa ameisikia sauti ile mara nyingi. Fabiani akainamisha kichwa. Mkwe hana kauli kwenye kikao cha ukoo wa wakwe zake, na hakuna mzee aliyemwomba aseme.

Baba mdogo akasema basi, bila usia, mali itabaki kwa mtoto wa kiume. Otilia akamsogelea Agnesi amshike mkono. Agnesi akaurudisha mkono wake kwenye kanga.

"Dada," alisema taratibu, "Leonardi kakupa nini?"