Anayesimamisha Picha

Sipendi kuombwa kazi siku ya Jumamosi, na Larissa alilijua hilo, ndiyo maana alianza kwa kuzisifu nywele zangu. Nikamwambia aache kuzunguka mbuyu, aseme lililomleta.

"Maman Nsimire, ni papa mwenye alinituma," akasema. "Anaomba umutengenezee tena ile lecteur ya zamani. Ile ya kuchezesha filme, yenye ilikuwaka inasema na sauti yake kule ku salle ya video."

Nikaweka kikombe changu chini. Larissa ni kitindamimba wa Papa Apollinaire, na kwa miaka ishirini baba yake na mimi hatukuwa na mazungumzo. Hatukugombana, hapana. Tukikutana kanisani alinipa mkono wa amani kwa sababu padri ameamuru, kisha upesi anamgeukia jirani wa upande wa pili. Mwaka jana madaktari walimfanyia operesheni ya koo, akatoka mzima lakini bila sauti. Nilimtumia salamu kupitia watu. Kwenda mwenyewe kumwona niliogopa.

"Anaitakia nini?" nikauliza.

"Hakuandika juu ya nini. Kwa ardoise yake, kale kabao ka chaki, aliandika tu: Nsimire, lecteur, filme ya Walungu."

Nikamwambia nitafanya. Alipoondoka nilifunga mlango nikalia, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Mwaka 2005 mjomba wangu Bisimwa alikuwa na ukumbi wa video Kadutu, hapa Bukavu, nyuma ya soko: mabenchi ya mbao, shuka jeupe ukutani, projekta moja iliyokuwa ikipata joto kama pasi ya makaa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa informatiki mwenye miaka ishirini na miwili, mjuaji kupita kiasi, na kazi yangu ilikuwa kuitunza kompyuta. Lakini watu hawakuja kwa ajili ya kompyuta, wala kwa ajili ya filamu. Walimjia Papa Apollinaire.

Alisimama pembeni ya shuka, mkono mmoja maikrofoni, mkono wa pili juu ya klavie ya kompyuta, akizisimulia kwa Kiswahili filamu za Kichina na za Kiingereza. Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Kichina ndiyo usiseme. Alijitungia yote. Kulikuwa na filamu moja ya ngumi ambayo baadaye niliiona na tafsiri yake ya kweli, nikakuta inahusu upanga ulioibwa. Yeye aliiita "Mukwe wa Walungu": kijana Mushagalusha amekwenda kuposa huko kijijini Walungu, na wajomba wa binti, watu kumi na wanane, kila mmoja anadai ng'ombe wake. Kila ngumi ilikuwa hoja juu ya mahari. Nakuapia, hadithi yake ilikuwa bora kuliko ya wenyewe walioitengeneza.

Na alikuwa na jambo moja ambalo sijaliona kwingine. Alisimamisha picha. Ngumi iko hewani, bado haijafika, yeye anabonyeza, picha inaganda, halafu anaanza. Anaeleza, anatania, anamsuta mtu wa benchi la tatu, anakunywa maji, anauuliza ukumbi, "Sasa mungekuwa yeye, mungefanya nini?" Watu wanajibu kwa kelele. Anangoja mpaka aone wameiva, ndipo anabonyeza tena na ngumi inafika. Filamu ya saa moja na nusu ilikwisha baada ya saa mbili na nusu. Hakumruhusu mtu kuigusa ile klavie akiwa kazini, hata mimi.

Kisha malaria ikamkamata. Alikuja kazini akitetemeka ndani ya koti, akasimulia huku meno yakigongana, maana asipokuja ukumbi unafungwa. Nilimhurumia. Hilo nataka lijulikane kabla ya mengine. Nilikuwa na CD niliyoletewa na rafiki kutoka Kampala, yenye programu huria ya kuchezesha filamu, ile ambayo maandishi yake ya ndani yameachwa wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kuyabadilisha, na kuijenga upya kwenye mashine yake. Nikamrekodi Papa Apollinaire palepale ukumbini, siku homa ilipompungua, kwa filamu sita. Lakini programu ya kawaida ukisimamisha picha, sauti nayo inasimama, na utamu wake ulikuwa palepale picha iliposimama. Basi nikaingia ndani ya maandishi yale nikaongeza yangu. Niliifundisha programu kusoma orodha: dakika hii simamisha picha, iache sauti iendelee, baada ya sekunde hizi iachie picha. Niliijenga, ikakataa, nikairekebisha, ikakataa tena. Siku ilipokubali nilikimbia mpaka kwake kumwambia alale, apone, kazi itaendelea. Alinishika mikono yote miwili akanishukuru.

Mjomba Bisimwa aliiangalia mara moja tu, akacheka mpaka akajipiga mapaja. Wiki mbili baadaye, Papa Apollinaire alipokuwa amepona na kurudi, mjomba alimwambia mbele yangu, "Papa Apo, weye pumuzika tu kwako. Sauti yako tuko nayo."

Papa Apollinaire hakumtazama mjomba. Alinitazama mimi. Alingoja niseme kitu, na neno moja langu lingetosha, kwa kuwa bila mimi ile mashine isingetembea hata siku mbili. Lakini niliionea fahari kazi yangu, na mjomba nilimwogopa. Nikanyamaza. Akachukua koti lake akatoka.

Ukumbi haukumaliza mwaka. Katika ile filamu ya Walungu sauti yake ilimkemea kijana mmoja, mteja wetu wa kila siku: "Mapendo, ikala chini! Kichwa yako inatuficha Mushagalusha." Mwanzoni watu walicheka, maana Mapendo alikuwa ameshakwenda Luhwindja kuchimba dhahabu. Kisha habari ikaja kwamba shimo limemfunika. Siku moja baada ya matanga nikaiweka filamu ile bila kufikiri. Picha ikasimama, sauti ikasema, "Mapendo, ikala chini," na dada yake alikuwa benchi la pili. Akainuka akatoka, wengine wakamfuata mmoja mmoja. Papa Apollinaire angekuwepo, angejua la kusema. Mashine ilingoja sekunde zake ishirini na mbili, ikaendelea.

Hiyo ndiyo lecteur, ile programu yangu, aliyokuwa akiitaka.

CD niliipata ndani ya bahasha ya picha zangu za ndoa. Nikakaa mbele ya kompyuta yangu ya mpakato, isiyo na betri tena, nikaiamuru iijenge programu. Yakatoka makosa mia tatu na zaidi. Vipande vya programu ambavyo ile ya zamani iliviegemea vilikwisha kufa, na waliovitunza wameshahamia mambo mengine. Nikamtukana kila mtu niliyemkumbuka, nikaanza upya: nikapakua toleo jipya la programu ileile, megabaiti kwa megabaiti, halafu nikahamisha maandishi yangu ya ujana mstari kwa mstari kuyaingiza humo. Umeme ukikatika, nilingoja. Ukirudi, niliendelea pale nilipoishia.

Kilichonichelewesha zaidi si yale makosa. Ilikuwa ile orodha. Pembeni ya kila kituo, pale picha iliposimama, nilikuwa nimeandika maelezo yangu mwenyewe, mimi yule msichana wa miaka ishirini na miwili. *Hapa anakunywa maji. Hapa anaiga sauti ya mama mkwe. Hapa wamecheka sana, ngoja zaidi. Hapa anamsema Mapendo.* Nilisoma nikasikia harufu ya ule ukumbi, mbao zenye unyevu na karanga za kukaanga, nikasikia mvua ya Bukavu juu ya mabati ikishindana naye, naye akipandisha sauti kuishinda. Tulikuwa na furaha pale. Sikujua kwamba ile ndiyo furaha, nilidhani ni kibarua cha likizo. Kituo cha Mapendo nilikitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kukifuta, lakini nani mimi wa kumkata Papa Apollinaire maneno? Nikakiacha. Baada ya wiki mbili programu ilijengwa bila kosa hata moja, dirisha likafunguka, na sauti yake ikajaa chumbani. Nikaizima haraka. Niliona si haki niisikie kabla yake.

Jumapili baada ya misa ya pili nikapanda teksi kwenda Bagira, nyumbani kwa Papa Apollinaire, kompyuta nimeipakata magotini. Nilikuwa nimejiambia ukweli njiani: sikwenda kumwonyesha programu. Nilikwenda kujua kama amenisamehe.

Sebule ilikuwa imejaa. Majirani, wajukuu, na watu wazima wanne au watano waliokuwa watoto wa mabenchi ya mbele kule Kadutu. Papa Apollinaire alikaa kwenye kiti cha katikati, amekonda, skafu shingoni, ardoise ya shule magotini. Alinipa mkono kama kanisani, kisha akautazama mtambo.

Nikaanzisha filamu. "Bandugu na badada, karibuni Walungu," ikasema ile sauti, nene, yenye dharau kidogo, na mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Yesu Maria." Larissa alifunika mdomo kwa kitenge. Alikuwa mtoto mdogo sana wakati ule, hakuwa amewahi kumsikia baba yake akifanya kazi. Kituo cha kwanza kikafika, ngumi ikaganda hewani, sauti ikaendelea, na sebule nzima ikapiga makofi. Nikamgeukia kuona uso wake. Hakupiga makofi. Alikuwa akiiangalia klavie, ambayo hakuna mtu aliyeigusa.

Kikafika kituo cha Mapendo. "Mapendo, ikala chini! Kichwa yako inatuficha Mushagalusha." Wale wa Kadutu wakainamisha vichwa. Papa Apollinaire akainua mkono juu. Nikasimamisha vyote. Akaandika, akanionyesha ardoise:

*Toa hii kitu inasimamisha.*

Hasira ikanipanda, nakiri. "Papa, hii njo kazi yenyewe!" nikasema. "Ilinikamata semaine mbili. Bila ile liste, sauti na picha havitaenda pamoja."

Akafuta kwa kiganja, akaandika tena, herufi kubwa:

*MIYE NIKO.*

Nikasoma mara mbili. Larissa akaanza kunitetea, "Papa, maman Nsimire alijikaza sana," lakini nilimshika mkono anyamaze. Nilikuwa nimeelewa, na kuelewa huko kuliniuma. Miaka yote nilidhani nilimnyang'anya sauti. Kumbe sauti haikuwa kitu, sauti angeweza kuniazima hata mwaka mzima. Nilichomnyang'anya ni kile kidole. Yeye ndiye alikuwa akiwatazama watu na kuamua tungoje hapa, twende sasa. Nilichukua kazi hiyo nikaipa orodha, na orodha haimjui aliyefiwa.

Nikafungua maandishi ya programu mbele yao wote. Mistari yangu mia mbili na kumi na minne, niliyokuwa nikijivunia tangu ujana, nikaichagua kuanzia juu hadi chini nikaifuta. Mahali pake nikaandika mistari michache tu: herufi S isimamishe picha peke yake, sauti iendelee, na ikibonyezwa tena iiachie picha. Kitufe kirefu cha chini kibaki kusimamisha vyote viwili. Kisha nikaamuru ijengwe tena.

Maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini. Watu wakapewa chai. Nilijua nina dakika chache ambazo hakuna mtu angeangalia filamu, nikavuta pumzi.

"Papa Apollinaire," nikasema, "siku ile tonton alikufukuza, uliniangalia. Ningesema, angeniskiliza. Sikusema. Nilikukosea. Naomba pardon."

Yeye alikuwa akiitazama mistari inavyopanda. Ardoise ilikaa magotini pake, tupu, na chaki ilikuwa mkononi. Hakuandika kitu. Programu ikamaliza kujengwa, mwenyewe akakivuta kiti chake mpaka mezani, nikampisha, filamu ikaanza upya.

Kituo cha kwanza alichelewa. Sauti ilisema, "Angalieni hii ngumi iko njiani," na ngumi ilikuwa imeshafika, mjomba wa Walungu yuko chini zamani. Watu wakaangua kicheko, naye mabega yakamtikisika. Cha pili alikipata kamili. Cha tatu alikishika kidogo kabla, akawaacha watu wavutike kuelekea skrini, nikaona kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: hakuangalia picha hata kidogo. Aliwaangalia wao.

Alipofika kwa Mapendo alisubiri sauti itaje jina, halafu akabonyeza kitufe kirefu. Picha kimya, sauti kimya. Akasimama. Nasi tukasimama, hata watoto ambao hawakujua kwa nini. Hakuhesabu sekunde. Aliwatazama wale wa Kadutu mmoja baada ya mwingine mpaka mwanamke mmoja alipofuta macho na kuitikia kwa kichwa kwamba yatosha. Ndipo akakaa, akaendelea, na utani uliofuata watu waliucheka kwa moyo wote.

Mimi nilikuwa nimebaki mlangoni. Kazi yangu ilikwisha, kompyuta ningewaachia. Ardoise niliiona pale mezani, bado tupu, nikajiambia mtu halazimishwi kusamehe. Nikachukua mkoba wangu polepole nisiwasumbue, nikashika kitasa.

Nyuma yangu kila kitu kikanyamaza.

Nikageuka. Picha ilikuwa imesimama, sauti imesimama, watu wote wamenigeukia. Papa Apollinaire alikuwa na kidole juu ya kitufe kirefu, ananitazama kama alivyonitazama siku ile mbele ya mjomba, lakini safari hii hakungoja niseme kitu. Kwa mkono wa pili alikuwa amevuta kigoda kutoka chini ya meza, akakiweka kando yake.

Larissa akasema, "Maman Nsimire, ikala. Hataendelea."

Nikaweka mkoba chini, nikaenda nikakaa.